Mtoto Ambaye Hajaonana na Mto

Hebu mwone bibi Walini anavyoingia langoni mwa boma la askari: mguu mmoja una kiatu cha ngozi ya paa, wa pili mtupu, na mkononi ameshika mwiko. Mwiko tu. Askari walimkuta anasonga unga wa mahindi, wakamtoa nyumbani kwake kwa ncha ya bunduki hata sufuria hajaipua. Nyuma yake anakuja binti yake Ailsi, tumbo limemtangulia.

Boma lenyewe lilikuwa la magogo yaliyochongwa ncha, na ndani hamna kivuli. Humo, juu ya vumbi, Ailsi akajifungua mtoto wa kike.

Sasa, kwetu Wacherokee, wenyeji wa Amerika, mtoto hupelekwa mtoni alfajiri na bibi yake, akachovywa kwenye maji yanayotiririka, ndipo apewe jina. Walini alichovywa hivyo, naye akamchovya Ailsi. Huyu mdogo alikuwa bado hana jina, na habari zilikwisha kuenea kwamba safari ya kuhamishiwa magharibi kwa nguvu, mbali na mito yetu, ni wakati wowote.

"Mama, si tumchovye kwa haya ya kwenye pipa?" Ailsi aliuliza.

"Haya yamefungiwa kama sisi. Mjukuu wangu simwoshi kwa maji mahabusu."

Mzee Salali, jirani yao aliyejua lugha ya askari, akaangua kicheko. "Dada, na wewe! Wenzako wanaharisha hapa, wewe unadai mto!"

"Ndiyo, naudai. Na huo ulimi wako haukuumbwa kwa kutafuna nyama ya nguruwe ya askari tu. Twende langoni ukaniombee."

Salali akanung'unika, lakini akaenda. Mlinzi, kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, akamtazama bibi, akamtazama na mtoto, akasema neno.

"Anasema uende na mtoto kesho alfajiri, naye atakufuata," Salali akatafsiri, sasa hacheki. "Ila Ailsi abaki humu. Ndiye rehani yako."

Alfajiri Walini akaingia mtoni. Ukame ulikuwa umeyapunguza maji, lakini yalikuwa yanakwenda. Akamchovya mtoto, mtoto akapiga ukelele ambao haukuwahi kusikika bomani, na bibi akacheka peke yake kama msichana. Akamnong'oneza jina sikioni.

Alipoinua uso aliona jinsi ng'ambo ilivyokuwa karibu. Juu ya mlima, kati ya miti, ulipanda moshi mwembamba: watu wa ukoo wake waliowakwepa askari walikuwa wamejificha huko. Akageuka. Mlinzi ameketi kwenye gogo, amevua kiatu, anakung'uta mchanga, bunduki kailaza majanini.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kinywa huku na huku kifuani pa bibi, akitafuta titi, akaambulia kitambaa. Maziwa yake yalikuwa ndani ya boma.

Ungekuwa wewe, umesimama maji magotini, hatua yako ya kwanza ungeielekeza upande gani?