Kadi Zilizogeuzwa

Kwa jina peke yake ungedhani Mama Kadi anashinda akicheza karata. Jina hilo alipewa na wagonjwa wake, naye hakulichukia. Alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na kwa minne ya mwisho alisimamia kliniki ya afya ya akili ya wagonjwa wa nje, wale wanaokuja kuonana na daktari, wakazungumza, wakachukua dawa na kurudi makwao. Kliniki yenyewe ni vyumba vitatu na kibaraza, nyuma ya hospitali, ukishapita jengo la kufulia mashuka. Kompyuta waliletewa, ikafa mwezi wa pili. Mama Kadi hakusikitika hata kidogo, kwa sababu alikuwa na sanduku lake la mbao.

Humo kila mgonjwa alikuwa na kadi yake, imesimama, jina limeandikwa ukingoni juu. Kila asubuhi Mama Kadi alizitafuta kadi za wanaotarajiwa siku hiyo akazigeuza kichwa chini. Mgonjwa akifika, kadi yake inasimamishwa. Ikifika saa tisa alasiri, kadi ambayo bado iko kichwa chini, mwenyewe hakuja, na Mama Kadi hakuvua koti jeupe mpaka ampigie simu. Mfumo ndio huo tu, na haukuandikwa popote. Mumewe alimtania kwamba siku akichelewa kurudi nyumbani atakuta picha yake ya harusi ukutani inatazama sakafu.

Basi utani ni utani, lakini kuna watu waliokuwa hai kwa sababu ya kadi hizo. Mmoja wao alikuwa Fundi Viti, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyekaa na dada yake na kutengeneza viti uani. Siku ya kwanza aliletwa akishikwa mkono. Hakusema neno. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliinama akaukaza mguu wa benchi la mapokezi uliokuwa ukicheza tangu zamani, kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kuna siku anaona hakuna atakayejua kama yupo au hayupo.

"Mimi nitajua," Mama Kadi alimwambia. "Usipokuja nitakupigia saa tisa. Kabla sijavua hili koti."

Akamjaribu. Mara tatu katika mwaka hakutokea, na mara tatu simu yake ililia saa tisa. Kesho yake ile ya tatu akaja, amenyoa ndevu. "Nilikuwa nakupima tu, Mama Kadi."

"Umenipima vya kutosha. Sasa uwe unakuja bila kuitwa."

Ndipo ikaja barua. Wasimamizi wote wa kliniki za wagonjwa wa nje wanatakiwa mafunzoni, siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, hotelini. Mama Kadi hakutaka kwenda. Barua ilisema ni lazima.

Jumamosi alikwenda kazini akazigeuza kadi za wiki nzima, ishirini na tatu. Ya Fundi Viti ilikuwa ya Jumanne. Sanduku akamwachia karani wa mapokezi, mzee waliyemwita Posta kwa kuwa alichambua barua miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuchukuliwa pale kwa mkataba. Mtu safi, mpole, kalamu zake zimepangwa kwa urefu. Teksi ilikuwa ikipiga honi nje.

"Posta, kadi zilizogeuka uzishughulikie."

"Wewe nenda kasome, mama. Ondoa shaka."

Akaondoa shaka. Hapo ndipo pananiuma mimi ninayesimulia. Mwanamke aliyeweza kumweleza mgonjwa jambo moja mara saba, siku hiyo alisema neno moja akapanda teksi.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa na baridi ya kutengenezwa na viti vilivyovishwa nguo kama maharusi. Mwezeshaji, kijana wa tai nyembamba na maneno mazito, aliandika ubaoni: KUKASIMU. Mama Kadi alidhani ni jina la mtu. Kumbe maana yake ni kumwachia mwingine sehemu ya kazi yako na kuondoa mkono wako hapo. Mwezeshaji alisema msimamizi anayeshika kila kitu ni mgonjwa naye. Wakacheka. Hapohapo simu ya Mama Kadi ikalia, mumewe akiuliza ufunguo wa stoo, na ukumbi mzima ukageuka.

"Mnaona?" mwezeshaji akasema, si kwa ubaya. "Huyu mwili uko hapa, roho iko kazini."

Akawagawia karatasi, kila mmoja aandike ahadi yake ya wiki, ibandikwe ukutani. Mama Kadi, uso umemwiva kwa aibu, aliandika: Sitapiga simu kliniki siku tano.

Jumanne saa tisa walikuwa kwenye makundi wakichora duara. Alitazama saa ya ukutani. Mkono ulikwenda mkobani wenyewe, ukaigusa simu, ukarudi. Jioni chumbani aliitafuta namba ya Posta, akakaa kitandani akiitazama kwa muda mrefu. Akajiambia, mzee wa watu utamsumbuaje, na kazi umemwachia? Asubuhi ya Jumatano mwezeshaji aliuliza nani ametimiza ahadi. Mama Kadi akasimama akaeleza alivyojizuia. Walimpigia makofi. Alifurahi, na furaha ile hajaisamehe mpaka leo.

Ijumaa mchana mafunzo yakafungwa. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kliniki, cheti kimekunjwa mkobani, na Posta akampokea amesimama.

Sanduku lilikuwa linapendeza. Kadi zote zimesimama, majina yote juu, mstari mmoja.

"Nilikuta nyingine kichwa chini," Posta alisema. "Teksi ilipoondoka tu, nikaelewa hizo ndizo ulizoniambia nizishughulikie. Nilizinyoosha zote siku hiyohiyo. Nimezoea, mama. Barua ikigeuka sipati usingizi."

 Mama Kadi alivuta daftari la mahudhurio akaanza kulinganisha, kidole juu ya mistari. Walikuja kumi na tisa. Wanne hawakuja. Akawapigia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na mtoto mgonjwa. Wa pili alisahau. Wa tatu alisafiri. Namba ya nne iliita mara moja tu, ikapokelewa na mwanamke.

"Ni kliniki?" dada yake Fundi Viti akauliza.  Kisha akasema, "Njoo tu nyumbani, Mama Kadi."

Alijua kabla hajafika. Uani viti viwili havikuwa na vikalio bado. Dada mtu alimkaribisha ndani, akamwekea kiti, akaketi mkabala naye.

"Tumemzika jana."

"Pole, dada yangu," Mama Kadi alisema.

"Tangu Jumatatu hakuwa sawa. Jumanne nikamwambia twende, akasema hana nguvu. Akasema, usihangaike, leo Mama Kadi atanipigia saa tisa, nikimsikia kesho nitaenda." Mwanamke alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la kanga yake. "Akakaa pale mlangoni, simu mapajani. Nikamwambia labda saa yake inakimbia. Alikaa mpaka saa kumi na mbili. Jumatano akakaa tena. Mimi nikaenda sokoni."

Hakuendelea, wala Mama Kadi hakuuliza. Mle ndani simu ya marehemu ilikuwa bado kwenye chaji.

"Ulikuwa unaumwa?" dada mtu akauliza. Alitaka kweli aambiwe ndiyo.

"Nilikuwa mafunzoni."

"Ahaa." Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mafunzo ya nini?"

 Mama Kadi alilia mbele ya mfiwa, jambo ambalo muuguzi hafundishwi kulifanya, na ikabidi mfiwa ndiye ambembeleze.

Jumatatu alimwita Posta, akamkalisha, akamweleza habari ya kadi kuanzia mwanzo: kichwa chini ni nani, kusimama ni nani, saa tisa ni nini. Habari ya Fundi Viti hakumwambia. Alimtazama mzee yule na kalamu zake, akaona akimwambia atakuwa amepoteza wawili. Posta alisikiliza, akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri.

"Sasa nimekupata, mama. Aliyesimama amekuja." Akapitisha kidole juu ya sanduku, akasimama kwenye jina moja. "Huyu fundi simwoni daftarini, lakini kadi imesimama. Niigeuze?"

Mama Kadi alikuwa amelishika koti lake, mkono mmoja umeshaingia.

"Iache hivyohivyo," alisema.