Wadhamini wa Cheptanui

Ukungu bado umelala juu ya malisho ya Njoro. Kipkemei arap Kosgei amemwinamia ng'ombe wa mwisho wa zamu yake ya kukamua, paji la uso ubavuni mwake, na maziwa yanapiga ndoo. Akimaliza atanawa, avae koti la kanisani, aende kwa mtu ambaye hawajasalimiana naye kwa miaka.

"Ng'ombe akinipiga teke najua la kufanya," anasema. "Lakini hii mambo ya chuo imenishinda kabisa."

Binti yake, Cheptanui, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na ameomba nafasi Makerere, kule Kampala. Wasichana wa huku waliofika huko wanahesabika kwa vidole. Jibu lilipokuja kwamba amekubaliwa kwa masharti, mama yake alipiga vigelegele na majirani wakamiminiwa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyuni. Ikabidi msichana awatulize. Masharti, akawaeleza, maana yake nafasi imewekwa kando tu: ni lazima apasi mtihani, na wadhamini wawili waandike kuhusu tabia na bidii yake.

Kipkemei hakuona shida. Kwao mtoto akihitaji wa kumsemea, husimama wajomba. Akawaita shemeji zake wawili kutoka Kericho, wazee wenye heshima zao, wakamsifu mpwa wao mbele ya karani wa kanisa na kutia vidole gumba.

Karatasi zikarudishwa. Mdhamini asiwe jamaa, bali mtu aliyemfundisha.

"Nilikasirika, siwezi kuficha," anasema. "Mtu si jamaa yako, atakusemea mazuri kwa nini? Kwetu mtu kama huyo anakuja kukushtaki tu!"

Tusimcheke. Nani alipata kumkalisha chini na kumweleza? Vyuo huandika masharti yao kana kwamba kila baba amezaliwa ofisini, na hilo linaudhi.

Mwalimu mkuu wa sekondari amekubali kuwa mdhamini wa kwanza. Wa pili aliyebaki ni Khaemba, mwalimu wa shule ya hapa shambani, aliyemfundisha Cheptanui kusoma. Hapo ndipo pagumu. Msichana alipomaliza darasa la nne, Kipkemei alitaka kumtoa shule alee ndama. Khaemba akamfuata mpaka zizini, wakarushiana maneno mbele ya wakamuaji wote. Mama akasimama na mwalimu, na Kipkemei akanuna mpaka leo. Sasa karatasi zisipofika Kampala kabla ya mwezi kwisha, nafasi atapewa mwingine.

Khaemba anapalilia kabichi zake. Anamwona mgeni, anaweka jembe chini.

"Karibu, Mzee. Kuna msiba?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kuomba. Wanataka mtu si wa jamaa, anajua mtoto. Ni wewe."

Mwalimu anajipangusa udongo mikononi. "Nitaandika, na kwa furaha. Lakini nitaandika kweli tupu. Wameuliza kama nyumbani alipata kutiwa moyo. Niseme nini?"

Kipkemei amevua kofia, anaizungusha mikononi. Ni vigumu kumtazama.

"Andika baba yake alikataa," anasema. "Halafu andika yeye alisoma tu."

Khaemba anampa mkono, na wanaingia ndani pamoja.

Wakati wa kurudi, Kipkemei anatembea upesi kwa sababu ng'ombe wa jioni hawangoji. Ameshapanga siku ya safari, Mungu akijalia mtihani.

"Tutamsindikiza mpaka stesheni ya Nakuru, na Mwalimu lazima aje," anasema. "Yeye atembee mbele na mtoto. Mimi nitabeba sanduku."