Poda ya Yaya

Leo batoto ya jirani bamefaulu examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari. Bamemwagiwa poda kama kawaida, banapita mu barabara beupe kichwa nzima, na harufu inaniingilia mpaka ndani ya nyumba. Ninafunga dirisha.

Zamani kwetu Bungulu, Mama aliinunua ile poda siku chache mbele ya mutihani wa Yaya, dada yangu mukubwa. Aliificha nyuma ya picha ya Bikira Maria, mais sisi wote tuliisikia harufu. Yaya alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku anasema kwa kichwa hadithi ya Kingereza. Mimi mudogo wake nilishika kitabu.

«Umeruka mustari,» nilimuambia, mimi mwenye sikujua hata neno moja.

«Ndiyo, mwalimu,» akajibu, na akarudilia.

Asubuhi ya mutihani wa Kingereza, masasi ya bunduki yakalia upande wa shule. Papa akasimama ku mulango.

«Hapana toka. Utarudilia mwaka kesho.»

Yaya alikuwa amekwisha kuvaa uniforme. Akakaa chini, akaambia ukuta hadithi yote mpaka mwisho.

Huo mwaka kesho bakamuoza mbali, kule Manguredjipa. Alipozaa, Mama akamupelekea ile poda, ingali imefungwa. Yaya akaifungua, akainusa kidogo, akapakaa mutoto ku matako.