Dawa Iliyotoka Bandani kwa Orysia

Magharibi mwa Manitoba, huko Kanada, hakuna aliyewajua farasi majike kama Orysia Pawluk. Majira yote ya baridi walisimama bandani na mimba zao, kila mmoja kafungiwa kikombe cha mpira nyuma, mkojo wao ukikusanywa kwenda kiwandani kufanywa vidonge vya wanawake waliokoma hedhi. Mumewe Wasyl alipomwacha akahamia kwa mhudumu wa hoteli, alidhani banda litauzwa. Wanaume hudhani hivyo. Orysia hakuuza hata lijamu.

Kisha mwili wake ukamgeuka. Joto lilimpanda katikati ya baridi inayopasua kucha. Akabeba nyasi koti kalitupa, mvuke ukimtoka kama chungu mekoni. Usingizi ukampaa. Siku moja akasahau kuwafungulia farasi maji, na Metro, mdogo wake Wasyl aliyekuwa akimsaidia kazi, akapata la kusema.

"Uza hawa, shemeji. Unawaka kama jiko la kuni."

"Jiko hilo ndilo linalokulisha. Sukuma toroli."

Lakini alijua kwamba asipolala, banda litamshinda kweli. Akaenda mjini kwa daktari Lavallee, mwanamke kijana, kuomba kidonge. Kile chake hasa. Miaka mingi amewahudumia wanawake asiowajua. Sasa ilikuwa zamu yake. Daktari akataka damu kwanza, kwa kuwa mama yake Orysia aliangushwa na moyo akikamua ng'ombe.

Majibu yakaja. "Mama, mafuta katika damu yako yamepanda mno. Na kipimo cha mishipa kufukuta, yaani uvimbe wa ndani kwa ndani, nacho kiko juu. Kidonge hupita kwenye ini kwanza, na ini likikipata huzidisha mambo hayo hayo mawili. Nitakupa kibandiko cha ngozini."

"Kimetengenezwa kwa kitu gani?"

"Mimea."

"Mimea," alisema Orysia, kama mtu aliyeambiwa farasi wake ni mbuzi. "Unajua kazi yangu?"

"Koti lako limeniambia tangu mlangoni. Kidonge kinawafaa wengi, tena kuna mafuta mabaya ya aina nyingine kinayoyashusha. Ila kwa damu hii, hakikufai wewe."

Akarudi nyumbani na vibandiko, akavitia kabatini. Wafugaji wenzake wakijua, wangesema nini? Mwuza mkate anayekula wa jirani. Usiku akawa analowa shuka, mchana anapepesuka.

Wiki hiyo jike mmoja akavimba miguu. Orysia akamfungua papo hapo, akamtoa nje atembee.

"Bado ana kazi huyo," Metro alinung'unika. "Wenzake mbona wamesimama?"

"Wenzake wana miguu yao. Huyu ana yake."

Kamba ikiwa bado mkononi, akayasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akafungua kabati, akabandika kimoja nyongani.

Akaanza kulala. Malai juu ya pirogi zake za unga na viazi akaacha, na hilo lilimuuma kuliko talaka. Majira ya kuchipua damu ikapimwa tena: mafuta yameshuka, mishipa imetulia. Daktari alimpa mkono.

Kwenye karamu ya kanisa Wasyl alikuja na mwanamke wake, na Metro alikuwa kesharopoka habari za vibandiko.

"Orysia," Wasyl aliita, ukumbi mzima usikie, "naambiwa dawa ya farasi wako mwenyewe imekushinda."

Orysia alimeza tonge lake kwanza.

"Haijanishinda. Nilipima damu, ikakataa, nikaisikiliza. Farasi wangu wanawatibu wanawake wengi, hata huyo wako hedhi ikimkoma. Wewe umepimwa lini, na tumbo hilo?"

Meza ya wafugaji ikacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Wasyl akageukia sahani yake. Metro, ambaye kwa kawaida hucheka upande wa kaka yake, alisogeza kiti akaketi karibu na Orysia.

"Majike watatu wanakaribia kuzaa," alimwambia. "Nije asubuhi?"

"Njoo. Na siku nyingine ukitaka kuuza kitu, uza mdomo wako."

Akamaliza kabichi yake, akavaa koti, akatoka kwenda kwa farasi wake. Wote walikuwepo, hakuna hata mmoja aliyeuzwa.