Gauni la Manjano Ukumbini

Siku ya tatu ya Idi, mtoto niliyekuwa nikimlea Jeddah alikuwa acheze bale mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka sita. Mazoezi yote tuliyafanya jikoni, mimi nikihesabu kwa Kiswahili, yeye akizunguka kwa ncha za vidole kati ya friji na meza. Aliogopa watu kupita kiasi. Tukapatana kwamba nitavaa gauni langu la manjano, lile nililoshonewa Kenya kwa harusi ya dada yangu, naye akitoka jukwaani atafute manjano tu.

Onyesho lilikuwa la wanawake peke yao. Simu zinaachwa mlangoni, kisha kila mtu anavua abaya na kuonyesha alichopendeza nacho. Nami nikavua yangu. Madam, mama wa mtoto, akanitazama juu hadi chini.

"Wewe vaa. Wafanyakazi hawavui. Kaa nyuma na mifuko, yalla."

Nikavaa. Tulisimama ukutani kina dada wa kazi kama ishirini, na mbele yetu viti vitupu tele. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Na hao waliostahili kukaa walikuwa wanatazama nini? Walikuwa wanatazamana. Huyu anapinda shingo aone mkufu wa yule, yule anapitisha tende, na soga haikatiki huku watoto wa wenzao wakicheza. Madam alitoka mara mbili kwenda kuangalia simu yake mlangoni. Zamu ya mwanawe ilipofika, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mtoto alitoka, akasimama. Wenzake wakazunguka, yeye akawa anasaka safu moja baada ya nyingine. Niliona midomo yake imeanza kutetemeka.

"Dada, wacha," Mkenya mwenzangu akaninong'oneza, maana mkono wangu ulishafika kwenye vifungo. "Utarudishwa ofisini kwa ajenti aliyekuleta hata Idi haijaisha."

Alisema kweli, na kwetu kulikuwa na watu wanaonitegemea. Nikavua hata hivyo. Abaya nikaitupa juu ya mifuko yao, nikapanda kwenye kiti kimojawapo cha wageni wasiokuja. Vichwa viligeuka. Wakati huo ndipo walipokumbuka kutazama.

Mtoto akaliona gauni. Akainua mikono, akacheza mpaka mwisho bila kukosea.

Madam alirudi wakati wa makofi. Wenzake wakamzunguka, wakamsifu kwa malezi mema, naye akazipokea sifa zote bila haya. Garini akaniambia gauni lile asilione tena nyumbani kwake.

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu. Mkono wake ulikuwa umeingia chini ya abaya, umekamata pindo la manjano.

"Basi mwamshe umwambie aliachie, madam," nikasema.