Alikokunywa Kahawa Fundi Simu

Eda yangu ilipokwisha, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya wiki moja niende Kilosa. Mume wangu, Seif, alifia huko kwa homa na akazikwa huko huko. Telegramu iliponifikia Tabora, alikuwa na siku ya tatu kaburini. Alikuwa fundi wa simu za reli. Kwa miaka miwili alifanya kazi kati ya Kilosa na Mikumi, na katika miaka hiyo sikukanyaga huko hata mara moja.

Barua zake zilikuwa za namna moja. Hakuwa mtu wa maneno matamu, kwa hiyo aliniandikia alivyofungua kinywa: kahawa ya Mzee Salumu karibu na stesheni, chapati na maharage ya Bi Zuhura, supu na mihogo kwa Mama Sabina kule Mikumi. Na kila mara palikuwa na watu. "Leo tumecheka mpaka kahawa ikanipalia," aliandika. Au: "Tulikuwa saba kwenye benchi moja, ubishi wa mpira." Nilizisoma peke yangu mezani, nikamwonea wivu. Baadhi ya siku nilikasirika kabisa. Sasa nilitaka kuwaona hao saba, nikae nao, wanisimulie mume wangu.

Treni iliondoka Tabora jioni. Kulipokucha tulikuwa tunakaribia Dodoma, na mchana, tulipopita Gulwe, milima ilianza kutubana. Kuanzia hapo reli inafuatana na mto Mkondoa, na bonde ni jembamba kiasi kwamba ukitoa mkono dirishani unadhani utagusa mawe. Kidete tulisimama kidogo. Nilitazama nguzo za simu zikipita moja moja, nikajiuliza ni zipi alizozipanda.

Saa kumi alasiri nilishuka Kilosa. Bi Zuhura, ambaye ndiye aliyeniandikia barua ya rambirambi, alikuwa amekuja kunipokea. Ni mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mjane kama mimi. Alinishika mkono mpaka nyumbani kwake, na jua lilipopungua makali akanipeleka makaburini. Kaburi lilikuwa safi, limewekewa mawe pembeni. Nilisoma dua niliyoweza. Bi Zuhura alisimama mbali kidogo, akinisubiri bila kunihimiza.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilikwenda kwa Mzee Salumu. Kijiwe chake ni benchi mbili ndefu chini ya upenu wa duka lililofungwa, na dele la kahawa juu ya jiko la mkaa. Walikuwapo wanaume sita, wazee watupu, makoti mabegani kwa sababu ya baridi ya mtoni. Waliponiona mwanamke nimesimama pale, mazungumzo yalikatika.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama. Karibu," alijibu Mzee Salumu. "Tukusaidie nini?"

"Nimekuja kunywa kahawa. Mimi ni mke wa Seif, fundi simu."

Walitazamana. Mmoja aliuliza, "Fundi simu yupi?"

"Yule mrefu," Mzee Salumu alimkumbusha. "Aliyefariki kabla ya mvua."

"Aa. Mungu amrehemu."

Wakasogea wakanipa nafasi mwisho wa benchi. Kahawa ilikuwa chungu, nzuri, pamoja na kipande cha kashata. Nikasubiri.

"Mzee wangu," nikasema, "Seif aliniandikia kwamba mlikuwa mnacheka naye sana hapa."

Mzee Salumu alikisuuza kikombe kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Mama, nisikudanganye. Alikuwa akija mapema, jiko bado linafuka moshi. Anakunywa vikombe viwili amesimama, anasema ahsante, anaenda kazini. Alikaa siku moja tu, siku ya mvua kubwa."

"Siku hiyo alisema nini?"

"Alisikiliza."

Niliwashukuru nikaondoka. Nyuma yangu ubishi wa mpira ulianza tena, kwa sauti ya chini kwanza, kisha kama kawaida.

Kwa Bi Zuhura nilikula chapati zile zile za kwenye barua. Nilimuuliza na yeye. "Shemeji alikuwa mstaarabu," alisema. "Atakula, atasema chapati nzuri. Basi." Nilijilazimisha kumaliza sahani. Tangu siku ya telegramu sikuwahi kujiona mpweke kama asubuhi ile, kwa sababu nilikuwa nimefika alikokuwa na sikumkuta hata midomoni mwa watu.

Siku ya tatu nilipanda treni ya tawi la Mikumi, behewa moja la abiria likiwa limefungwa nyuma ya mabehewa ya mizigo. Tulipita mashamba ya mkonge na vijiji vipya vya ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari, bati jipya liking'aa kwenye ghala. Mikumi nilimkuta Mama Sabina kando ya barabara kuu, pale yanaposimama malori yaendayo Zambia. Baba yake alikuja zamani kukata mkonge, hakurudi kwao. Nilipojitambulisha, alijifuta mikono kwenye kanga, akanikumbatia kabla sijamaliza jina.

"Mwalimu! Umefika hatimaye!"

Nililala kwake. Asubuhi madereva walijaa mezani, wakila supu na mihogo kwa makelele. Nikajiambia, ndio hawa. Lakini walipoondoka na vumbi likatulia, Mama Sabina aliniletea chai ya tangawizi isiyo na sukari.

"Miwa imejaa pale Ruaha, na sukari hatuna," alicheka. Kisha akatazama barabara. "Mumeo alikuwa akija saa kama hii. Wakishaondoka."

"Hakula nao?"

"Aliwaonea haya. Anakaa hapo ulipokaa wewe, anatoa karatasi, ananiuliza: leo wamebishana nini, nani kamchekesha nani. Nikimwambia, anaandika. Mimi nikadhani ni mtu wa serikali anachunguza watu! Siku moja nikamuuliza. Akasema, namwandikia mke wangu. Akijua nakula peke yangu ataumia, na kuja hawezi."

"Alisema siwezi?"

"Alisema umeomba uhamisho mara tatu, wakubwa wamekataa. Hata shule ya kijiji hapa alikwenda kuuliza kama wanahitaji mwalimu. Wakasema wanahitaji sana."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Sikuomba, Mama Sabina," nikasema. "Hata mara moja. Nilimwandikia hivyo tu. Nilikuwa na darasa langu, na nyumba niliyoizoea. Niliogopa kuanza upya."

Mama Sabina alikuwa ameinua sahani za madereva. Akaziweka chini. Alijimiminia chai, akaketi mbele yangu, mara ya kwanza kumwona akiketi tangu nifike.

"Kunywa, mwalimu. Inapoa."

Tulikunywa mpaka lori jingine likasimama.

Njiani kurudi, treni ilipokuwa inapanda bonde la Mkondoa, nilikumbuka majibu yangu kwake. Nilimwandikia kwamba nyumba imejaa wageni, kwamba majirani hawaniachi nipumue. Ilikuwa uongo mtupu. Kwa miaka miwili tulidanganyana kwa huruma, kila mmoja akamwamini mwenzake, na hakuna aliyefunga safari. Hilo ndilo nililojifunza, na nimejifunza wakati halina faida tena kwa Seif.

Jumatatu nilirudi kazini. Mwalimu Agnes, anayefundisha darasa la pili, aliniuliza ofisini kwetu, "Safari ilikuwaje?"

"Nzuri," nilianza. "Watu wengi, wamenipokea vizuri, tumecheka..."

Nikashindwa kuendelea. Agnes aliinua macho kutoka kwenye madaftari yake.

"Nimechoka kula peke yangu, Agnes," nikasema.

Hakuonyesha mshangao. "Kesho pita kwangu kabla ya shule," alisema. "Ila kwangu ni uji mtupu, na watoto wana fujo."

Nikaenda. Walikuwa wamekwisha kukaa mkekani, wanne na mama yao, na ilibidi wasogee ndipo nipate pa kukaa.