Yai la Kwa Gofu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu hii siyo hadisi ya kulalishia watoto. Ilinipata mimi mwenyewe, na wallahi sitii chumvi hata kidogo.

Ukitoka Kasongo kwa njia ya Kabambare, iko kilima kimoja tunaita Kwa Gofu. Zamani za Wabeleji, wazungu walifanya pale klabu yao peke yao, ya kupiga kamupira keupe na fimbo ya chuma mpaka kaingie mu tundu. Mutu mweusi hakukanyaga pale, isipokuwa wa kukata majani na wa kubeba mufuko wa fimbo. Wazungu walipoenda, nyumba ya klabu ilianguka, pori likapanda, na watu wakakataa kulima. Walisema pale iko mutu anatembea.

Mimi nikaenda kulima palepale. Ningefanya nini? Bwana yangu alipokufa, shemeji alichukua shamba letu, halafu akaniambia nihamie kwake nikamupikie. Nimupikie yeye! Nikakata shauri: nitavuna karanga zangu mwenyewe, na kwake siendi.

Siku moja jembe likatoa kitu kidogo cheupe, kigumu, cha mviringo. Sasa, akina mama munajua: ukitoa mayai yote kwenye kiota, kuku anachukia, anaenda kutagia porini. Ndiyo maana tunamuwekea kajiwe keupe ka kumudanganya. Nikasema, ehe, hiki kimekuja tayari. Nikakipeleka nyumbani, nikakisukuma chini ya kuku yangu.

Karanga ziliota vizuri sana. Halafu asubuhi moja nikakuta majani yamekatwa, kimo kimoja shamba zima, kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kurudi masomo. Mbuzi? Mbuzi gani anakula kwa kipimo? Kesho yake nikakuta tena. Na karanga bila majani inazaa nini? Mu mawazo nikamuona shemeji ananingoja na sufuria zake. Hasira ikanipanda.

Nikaamka kabla ya jua, jembe begani. Ukungu ulikuwa mwingi. Katikati ya shamba nikaona mwanaume ameinama, kaptula ya kaki, miguu mitupu, anafyeka karanga zangu na kisu kirefu cha majani.

“We mwizi! Acha vitu vyangu!”

Akainua kichwa. Hakuwa mukali hata kidogo.

“Unisamehe, mama. Natafuta mupira wa muzungu ninayemubebea mufuko. Majani yakiwa marefu siuoni. Alisema nisirudi nyumbani bila ule mupira.”

Nikaangalia miguu yake. Kila mahali alipopita, umande ulikuwa bado juu ya majani, haukuguswa. Mwee! Niaminini, mukojo ulinitoka. Lakini sikukimbia. Ningekimbilia wapi, kwa shemeji?

“Mupira wenyewe uko namna gani?” nikauliza.

“Mudogo, mweupe. Kama yai.”

Eh Mungu wangu.

“Baba, ungoje hapa,” nikamuambia. “Na usikate hata jani moja!”

Nikakimbia nyumbani. Kuku yangu alikuwa ameatamia lile yai lake la uongo, akanidonoa mpaka damu, nikamunyang’anya. Niliporudi, jua lilikuwa linachungulia na yule mutu anaanza kufifia. Nikamuwekea mupira mukononi. Mukono wake ulikuwa baridi kama udongo wa chini ya mutungi. Akaushika na mikono miwili, akalia. Sikujua kama watu wa namna ile wanalia. Na mimi nikalia.

“Asante, mama. Sasa narudi nyumbani.”

“Nyumbani ni wapi, baba?”

Akaonyesha chini, kwenye karanga zangu. “Ni hapa. Walituondosha, walitaka kiwanja. Nyumba ya mama yangu ilikuwa hapa.”

Akainama kama mutu anayeingia mu mulango mufupi, na hakuwako tena.

Karanga zilichipuka upya, nikavuna. Shemeji mpaka leo anajipikia. Lakini pale alipoingia sipigi jembe. Majani yanabaki mafupi, eneo la nyumba moja, na hakuna anayeyakata. Na huu mukono wangu wa kuume haujapata moto tangu siku ile, hata nikishika kikombe cha chai.

Sasa wamekuja mabwana na kamba, wanapima kilima, wanasema watafufua ile klabu. Nimewaambia wazi: pale kati mutapita juu ya maiti yangu. Wamecheka. Wacheke, mimi sitoki.

Na wewe, ukipita Kwa Gofu ukaona kitu cheupe kama yai mu majani, usikipeleke kwa kuku yako. Simama palepale, mungoje mwenyewe, umupe. Nilimurudisha mumoja tu nyumbani, na wabeba mifuko walikuwa wengi.